Simu haikuuliza kama ametoka mazishini

Mhariri,

Jirani yangu alirudi Jumapili jioni kutoka Busia, alikokwenda kumzika mjomba wake, akiwa buheri wa afya, kuku kwapani na mfuko wa mihogo begani. Siku ya kumi na moja akaanza kutetemeka. Ilikuwa saa tatu usiku, mvua inanyesha mtaani kwetu Kaptembwa, hapa Nakuru, barabara imekuwa uji, na unawajua watu wa bodaboda wakishaona mawingu. Mkewe akaona heri aulize simu kwanza. Akafungua mojawapo ya hizi programu za akili unde, ambayo kijana wao wa kidato cha tatu alikuwa amemwekea, akaandika: "Mume wangu ana homa, kichwa kinamuuma, mwili umechoka. Nimpe nini?"

Jibu lilikuja kabla hajaweka sufuria jikoni, tena kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko hiki changu. Apumzike. Anywe maji mengi na vitu vya moto. Ale matunda. Ameze panadol. Asipopata nafuu baada ya siku tatu au nne, amwone daktari. Mama wa watu alitii neno kwa neno. Alikamua malimau, akampa mumewe dawa kwa kuangalia saa, akahesabu siku. Siku ya nne mumewe alikuwa akizungumza na watu ambao hawakuwamo chumbani, na weupe wa macho umegeuka manjano. Hospitalini walimpima wakakuta malaria kali. Alidungwa artesunate, akalala wodini siku sita. Yuko hai, tunashukuru, ingawa aliporudi mjengoni wiki ya tano suruali yake ilikuwa imeshikiliwa na kamba.

Nimelisoma lile jibu mara tatu kwenye simu ya mama huyo. Sikuona uongo ndani yake. Ni ushauri ambao mimi mwenyewe ningempa mtu yeyote mwenye mafua.

Niseme mimi ni nani. Ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi miaka 33, mingi yake katika zahanati na vituo vya afya vya huku Nakuru, na sasa huketi siku tatu kwa wiki katika duka la dawa la binti yangu, kwa sababu kukaa bure kunaniumiza magoti. Kwa hivyo naandika kama mtu aliyekaa kwenye kile kiti, akamtazama mgonjwa akiingia, akaanza kuuliza.

Neno homa hapa Kenya limebeba mizigo miwili. Mtu akipiga chafya na pua ikitiririka, ana homa. Mwili ukichemka hadi ukiushika unaondoa mkono, hiyo nayo ni homa. Programu ilichagua ile ya kwanza. Siilaumu sana, kwa sababu mama hakuandika zaidi ya hapo. Lakini mimi, au muuguzi yeyote aliyewahi kufanya kazi mji huu, nisingetoa hata panadol moja kabla ya kuuliza: "Mlienda nyumbani lini?"

Na hili neno nyumbani ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mtu wa Nakuru mwenye asili ya Busia, Siaya au Kakamega akikuambia "wiki jana nilikuwa nyumbani", hamaanishi alikuwa amejilaza kwake Kaptembwa akitazama runinga. Anamaanisha alipanda matatu Alhamisi usiku akaenda kwao, akalala kwenye turubai ya matanga, bila neti, karibu na mto. Sisi tunalisikia hilo bila kufafanuliwa. Mashine itasikia kwamba mgonjwa alipumzika.

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Baridi yetu haimpendezi mbu wa malaria, ndiyo maana watoto wetu wengi hawaugui ugonjwa huo kama wenzao wa kandokando ya Ziwa Victoria. Lakini neema hiyo ina bei yake. Aliyekulia Budalang'i, kule Busia, akiumwa na mbu kila usiku, mwili wake umejifunza kupigana. Aliyekaa huku miaka ishirini, mwili umesahau. Akienda mazishini siku nne, mbu mmoja anatosha, na ugonjwa hujitokeza wiki moja au mbili baadaye, wakati mazishi yameshasahaulika na ameanza kulaumu mvua. Malaria ya Nakuru huja na matatu. Kila Jumatatu na Jumanne nilikuwa nauliza juu ya mazishi kabla ya kuuliza jina, hadi wenzangu wakanitania kwamba nataka kujua nani amepikiwa nini.

Sitaki nieleweke vibaya. Wako wanaosema akili unde isikanyage zahanati kabisa. Siko nao. Sisi wauguzi tulishatibu kwa kufuata mashine miaka mingi, ila mashine yetu ilikuwa ya karatasi. Ni kile kijitabu cha IMCI, kilichotokana na kazi ya WHO na UNICEF miaka ya tisini, cha kumhudumia mtoto mgonjwa wa chini ya miaka mitano. Kijitabu kile kilikuwa kigumu kama mwalimu wa zamani. Hakikupi jibu hadi uulize kwanza: ananyonya? anatapika kila kitu? amepata degedege? Kisha uhesabu pumzi, dakika nzima, si nusu dakika uzidishe mara mbili. Unamwambia mama ainue fulana ya mtoto na asimnyonyeshe kwanza, jicho moja liko kwenye saa, la pili kwenye mbavu. Mtoto wa miezi sita akifika pumzi 50 kwa dakika, hiyo ni mbio. Wa miaka miwili, 40. Nimeona muuguzi mwanagenzi wa mwezi wa pili akiokoa mtoto kwa sababu tu alihesabu, na daktari mwenye haraka akimpita.

Basi niliposikia kuhusu kazi iliyofanywa Nairobi na Penda Health, wenye kliniki za mtaani, pamoja na OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, matokeo yakatolewa 2025, nilimwomba binti yangu anisomee yote, si kichwa cha habari tu. Kule programu haikuzungumza na mgonjwa. Ilikaa nyuma ya maandishi ya afisa wa kliniki kwenye kompyuta, ikawasha rangi kama taa za barabarani: kijani, endelea; manjano, tazama tena; nyekundu, simama. Walifuatilia ziara 39,849 katika kliniki 15. Kwa maafisa waliokuwa na programu, makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13, ukilinganisha na wenzao wasiokuwa nayo. Tarakimu hizo mbili ndizo watu hunukuu. Iliyonigusa mimi ni nyingine: makosa ya kuchukua historia, yaani ya kumuuliza mgonjwa, yalipungua kwa karibu thuluthi. Kumbe mashine, ikiwekwa mahali pake, humkumbusha mtu kuuliza! Kama kijitabu changu.

Ila mkia upo. Wagonjwa walipotafutwa baadaye, waliosema hawajapata nafuu walikuwa asilimia 3.8 upande wenye programu na 4.3 upande usio nayo, tofauti ndogo isiyotosha kuthibitisha lolote. Na madaktari waliopima makosa walifanya hivyo kwa kusoma maandishi ya ziara. Hawakuwa chumbani. Walichosoma wao ndicho programu nayo ilichosoma: kile ambacho mtu mmoja aliyemsikiliza mgonjwa aliamua kukiandika.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo mambo huharibikia.

Mgonjwa anakuja anasema, "Daktari, mwili unachemka, nasikia kama nimepigwa, na usiku sijui kama nilikuwa nalala ama nilikuwa naota nikiwa macho." Sisi tunaandika HOB, GBW. Aliyewahi kufungua faili ya zahanati yoyote nchini anazijua herufi hizo. HOB ni "hotness of body", Kiingereza ambacho nadhani Mwingereza mwenyewe angekikodolea macho, kwa sababu ni Kiswahili chetu kilichovalishwa koti. GBW ni uchovu wa mwili mzima. Na ile sentensi ya kuota akiwa macho, ambayo ingemshtua muuguzi mzoefu, haikuandikwa kokote. Haina herufi zake. Sasa weka programu bora kuliko zote duniani nyuma ya faili hiyo. Itaona HOB na GBW.

Chukua kifua. "Nina kifua" ni kikohozi. Ni pumu. Ni TB. Ni kiungulia. Ni moyo. Mimi nilikuwa siandiki chochote hadi nione mkono. Bibi mmoja aliwahi kuniambia ana kifua, nikamwambia anionyeshe, akaweka kiganja chote katikati, akakunja ngumi polepole, akasema, "Ni kama mtu amenikalia hapa nikipanda ule mlima wa kanisani." Huyo nilimpeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo, kwa moyo. Mwingine huonyesha kwa kidole kimoja ubavuni, na ukibonyeza anaruka; huyo labda alibeba gunia vibaya. Neno ni moja na mikono ni miwili tofauti. Simu haioni mkono.

Au tumbo. Msichana wa miaka 17 ameletwa na mamake, "tumbo inamuuma". Ukimuuliza mbele ya mama, ni tumbo tu. Nilikuwa namtuma mama dirishani kufuatilia kadi, kazi ambayo haikuwa na haraka yoyote, Mungu anisamehe, halafu namuuliza mtoto siku zake alipata lini. Mara nyingi jibu lilikuwa machozi. Sasa fikiria mama ndiye aliyeshika simu anaandika.

Presha nayo! Nusu ya wateja wetu dukani "wana presha" kwa sababu karo haijalipwa. Nusu nyingine wana presha ya kweli na hawaijui hadi mdomo upinde.

Mwezi uliopita kijana wa matatu, kondakta, alifika dukani akaweka simu juu ya kaunta kama mtu anayeweka karata ya ushindi. "Mama, nipe hii." Kwenye kioo palikuwa pameandikwa azithromycin, dawa ya kuua bakteria.

"Nani amekuandikia?"

"Si AI, mama. Nimeieleza niko na kifua."

"Umekohoa tangu lini?"

"Wiki tano hivi."

"Usiku shati linalowa jasho?"

Akanyamaza kidogo. "Mama, si nalala chumba cha mabati."

Chumba cha mabati usiku wa Nakuru, Mhariri, hakimlowanishi mtu jasho. Nikamwambia sitamuuzia, aende kituo cha afya akatoe makohozi, kupimwa TB ni bure na dawa ni bure. Akasema nina roho mbaya, na abiria wanamngoja. Akavuka barabara. Upande ule kuna maduka mengine mawili ya dawa.

Hata picha hazijitoshelezi. Shangazi mmoja kutoka upande wa Njoro alipiga picha meno ya mjukuu, yana madoa ya kahawia, akaambiwa na programu kwamba mtoto hapigi mswaki vizuri na apunguziwe peremende. Mtoto akachapwa. Mtu yeyote wa Bonde la Ufa angeuliza kwanza mnakunywa maji ya wapi, kwa sababu visima vyetu vingi vina floridi inayopita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo WHO inaruhusu, na meno ya namna hiyo hayasuguliki yakatoka. Nami ninayo mawili.

Baada ya jirani kupona nilifanya jaribio langu la kizee. Niliomba ile ile simu, nikafungua ile ile programu, nikaandika: "Mume wangu mwili unachemka na anatetemeka. Tunaishi Nakuru. Siku kumi na moja zilizopita alitoka mazishini Busia, alilala huko siku nne bila neti." Jibu: apimwe malaria leo hii, msingoje, na akianza kuchanganyikiwa au macho yakigeuka manjano ni dharura. Yote. Hata muda wa ugonjwa kujitokeza ilieleza. Maarifa yalikuwamo tangu ule usiku wa mvua, yamelala, hayakuulizwa wala hayakuuliza.

Kijana wa jirani aliposikia alisema, basi ni mama aliyeandika vibaya, watu wafundishwe kuandika vizuri. Nilimkemea, na namkemea hapa tena. Mgonjwa hajui kipi katika maisha yake ni dalili na kipi ni habari tu za familia. Angelijua, asingemhitaji mtu. Mama yule hakuficha mazishi. Hakuona yanahusiana vipi na kichwa kuuma. Kazi ya kuunganisha ni ya anayetibu, awe mtu awe mashine. Programu inayopewa maneno kumi na kutoa dawa bila kuuliza swali hata moja, kwangu haijafuzu hata kuwa mwanagenzi.

Kuna mambo mengine nayapita mbio kwa sababu wenzangu watayasema: stima inayopotea, bando, na maelezo ya wagonjwa kupelekwa kwenye kompyuta za nchi nyingine ilhali Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inayahesabu kuwa siri nyeti. Na kuna wale wanaotaka programu iletwe ili wauguzi wasiajiriwe. Hao nawajua, nimekaa nao mikutanoni.

Ninachoomba ni kidogo. Wanaounda programu hizi, na wakuu wa afya wa kaunti zetu watakaozinunua, kabla ya kuzileta, waje wakae kwenye benchi la zahanati wiki mbili, Kaptembwa, Rhonda, Molo, Ahero, Bumala, wasikilize. Wawasikilize pia wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa mikoba na simu mwaka 2023 na ambao huingia nyumba ambazo hakuna daktari aliyewahi kuingia. Kisha kwenye faili, iwe ya karatasi au ya kompyuta, iachwe mistari miwili ya kuandika maneno ya mgonjwa jinsi alivyoyatamka, kwa Kiswahili chake, Dholuo chake, Kikuyu au Kikalenjin chake, kabla hayajavalishwa koti. Na programu ifundishwe kwamba mtu akisema homa, kinachofuata ni swali.

Mimi nimeanza. Nina daftari la kurasa 96 chini ya kaunta, kando ya mizani. Kila mteja akisema neno la ugonjwa linalobeba maana zaidi ya moja, nalinakili, na pembeni naandika swali ambalo ningemuuliza. Nimefika maneno 143. Binti yangu anasema natisha wateja. Kifua peke yake kimekula ukurasa na nusu, na neno la karibuni zaidi, nililoliandika Jumamosi, ni nyumbani.

Daftari halitoki dukani, lakini kunakili ni bure. Niko pale Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi.

Muuguzi mstaafu,
Kaptembwa, Nakuru